Njia ya Kaskazini: Meli ya Pwani ya Norwe, Majina Yake na Hadithi Zake

Neno "meli", tulitumialo kila siku, lina habari ndani yake ambayo wengi wetu hatuifikiri. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Watu wa pwani yetu walipoona merikebu za moshi zikifika kwa tarehe zilizowekwa, zimechukua mifuko ya barua, waliziita kwa jina la mzigo wake. Na hata leo twasema meli, ijapokuwa chombo hakina barua hata moja. Hivyo ndivyo lugha ifanyavyo: huweka akiba ya mambo ambayo watu wenyewe wamekwisha kuyasahau.

Katika makala hii twataka kueleza habari za chombo kimoja cha nchi ya mbali ambacho jina hilo lakifaa sana, kwa kuwa kilianzishwa kwa ajili ya barua. Ni meli ya abiria ipitayo pwani ya Norwe, nchi iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya, kutoka mji wa Bergen mpaka Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi. Hung'oa nanga kila siku, wakati wa joto na wakati wa baridi, nayo husimama katika bandari 34. Safari ya kwenda tu ni kama maili 1,250 za baharini, na mwenye kwenda na kurudi hutumia siku 12. Wenyeji wameizoea kwa jina la Hurtigruten. Hurtig maana yake ni "ya haraka". Rute ni njia yenye saa na vituo vilivyowekwa. Na ile n ya mwisho ni alama ya kitu kijulikanacho, kwa kuwa Wanorwe huitia alama hiyo nyuma ya neno wala si mbele. Basi jina zima ni "ile njia ya haraka."

Watu wa mataifa mengi huipanda meli hiyo kwa ajili ya uzuri wa milima na bahari, na uzuri huo ni wa kweli. Lakini yeye atakayeitazama pwani hiyo kwa macho ya uzuri tu atapitwa na jambo kubwa zaidi. Shabaha yetu ni kuonyesha ya kuwa njia hii ya maji ndiyo iliyowafunga pamoja watu waliotawanyika, na ya kuwa lugha na hadithi zao zimeihifadhi habari hiyo. Tena tutauliza swali ambalo halina budi kuulizwa siku hizi: chombo cha watu wote ni cha nani, ikiwa wageni wamekuwa wengi ndani yake kuliko wenyeji?

JINA LA NCHI

Kwanza tulitazame jina la nchi yenyewe. Wataalamu wengi wa lugha wasema kwamba asili yake ni maneno mawili ya kale, norðr na vegr, yaani "njia ya kaskazini." Nchi nyingine huitwa kwa jina la kabila, au la mto, au la mfalme, hii iliitwa kwa jina la njia, na njia yenyewe si ya nchi kavu, bali ni ya baharini. Sisi nasi tumefanya kinyume cha hayo kwa namna ya kupendeza: upepo wa kaskazi, uletao majahazi, ndio uliotupa jina la upande wa kaskazini. Wao walipata nchi kutoka katika upande. Sisi tulipata upande kutoka katika upepo. Lakini mwalimu wa wote wawili ni baharia.

Mtu wa kwanza ambaye habari zake za njia hiyo zimeandikwa ni Ottar, mwenye mali na chombo, aliyekaa kaskazini mno. Alifika Uingereza katika siku za mfalme Alfred, aliyetawala tangu mwaka 871 mpaka 899, akamweleza mfalme habari za kwao, nazo zikaandikwa. Alisema kwamba yeye hukaa kaskazini kupita Wanorwe wote. Alisema tena kwamba mtu akitoka kwake kwenda bandari ya kusini, naye akilala pwani kila usiku na kupata upepo mwema kila siku, hatafika kwa muda upunguao mwezi mmoja. Haya ni maneno ya karne ya 9. Msomaji ayaweke moyoni, maana tutayahitaji tutakapofika habari za merikebu ya moshi.

Kwa nini njia ikapita majini? Sababu ni umbo la nchi. Milima ya Norwe yashuka wima mpaka baharini, na bahari nayo imeingia ndani ya nchi kwa hori ndefu, nyembamba, zenye kina kirefu, ziitwazo fjord. Mtu atakaye kwenda kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji hana budi kupanda mlima na kuteremka, kisha azunguke hori nzima, hali jirani yake yu ng'ambo, naye amwona kwa macho. Kwa mashua ni saa moja. Kwa miguu ni siku mbili. Tena mbele ya pwani kumesimama maelfu ya visiwa na miamba, navyo huvunja mawimbi makubwa ya bahari kuu. Wenyeji waita safu hiyo skjærgård, yaani "ua wa miamba," kama vile mtu azungushavyo ua nyumba yake. Ndani ya ua huo mna njia ya maji matulivu, na vyombo vimepita humo tangu zamani za Ottar. Jambo la tatu ni maji ya joto yatokayo upande wa kusini wa bahari ya Atlantiki. Kwa sababu yake bandari zile hazigandi barafu wakati wa baridi, ingawa nchi yote imefunikwa na theluji.

MANENO YA PWANI

Yeye ajuaye maneno machache tu ya pwani hiyo ataweza kusoma majina ya bandari kama asomavyo kitabu. Nes ni rasi. Sund ni mlango wa bahari kati ya visiwa. Vik ni ghuba ndogo. Ø au øy ni kisiwa. Vær ni kituo cha wavuvi. Basi Svolvær palikuwa kituo cha wavuvi, na Tromsø ni mji wa kisiwani. Brønnøysund ni mlango wa bahari wa kisiwa chenye kisima, maana mabaharia walipita hapo kuteka maji matamu. Hammerfest ni mahali penye majabali wima ambapo vyombo hufungwa kamba. Hakuna jina hata moja kati ya haya lililotungwa kwa kusifu uzuri wa nchi. Kila moja ni shauri apewalo nahodha: hapa teka maji, hapa funga kamba, hapa pita katikati.

Liko neno jingine ambalo litawafurahisha wasomaji wetu. Neno letu "pwani" latoka katika kitenzi kupwa: ni mahali maji yanapopwa. Wanorwe nao wana neno fjære, ambalo maana yake ni kupwa kwa maji, na tena ni jina la mahali penyewe palipoachwa wazi na maji. Lugha hizi mbili hazina udugu hata kidogo, wala hakuna iliyokopa kwa mwenziwe. Kazi moja ya watu wa baharini imezaa wazo moja. Lakini neno lao jingine, kyst, ambalo hutumika kwa pwani yote ya nchi, limesafiri kutoka mbali: chanzo chake ni neno la Kilatini lenye maana ya ubavu, kana kwamba nchi ni mnyama aliyelala ubavu wake majini.

Na upande wa kaskazini kabisa iko lugha nyingine, ya Wasami, wenyeji wa zamani wa sehemu zile, ambayo si ya jamii moja na Kinorwe. Mji wa mwisho wa safari, Kirkenes, maana yake ni "rasi ya kanisa". Wasami huuita Girkonjárga, na maana yake ni hiyo hiyo, kwa kuwa njárga ni rasi. Kanisa lilijengwa hapo mwaka 1862, na jina la zamani la mahali pale likaachwa. Basi jengo moja laweza kubadili jina la rasi katika lugha mbili kwa mara moja. Hili ni la kukumbukwa na kila ajengaye kanisa au shule.

BARUA ZA MIEZI MITANO

Sasa tufike kwenye habari za meli yenyewe. Katika karne ya 19 watu wa kusini mwa Norwe walikuwa na reli, lakini wa kaskazini walikaa kama watu wa nchi nyingine. Barua itokayo Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua majuma matatu wakati wa joto, na wakati wa baridi iliweza kuchukua hata miezi mitano. Ndugu waliuliziana hali, na jibu likafika mgonjwa amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa. Mvuvi alikuwa na samaki, lakini bei ya samaki aliisikia imekwisha kubadilika.

Mwaka 1891 mshauri wa serikali wa mambo ya merikebu, August Gran, alitoa shauri kwamba iwepo meli ya haraka mwaka mzima. Makampuni makubwa yakakataa. Hayakukataa kwa uvivu; yalikuwa na hoja. Upande wa kaskazini wa Trondheim palikuwa na minara ya taa 28 tu na ramani mbili tu za bahari, na katika miezi ya baridi jua halichomozi kabisa katika sehemu zile. Ni nani atakayepitisha chombo kati ya miamba usiku, katika theluji, kwa ramani mbili?

Aliyekubali alikuwa nahodha Richard With, wa mji mdogo wa Stokmarknes katika visiwa vya Vesterålen, aliyeanzisha kampuni ndogo ya merikebu mwaka 1881. Yeye na rubani wake, Anders Holte, walikuwa wameweka daftari kwa muda mrefu. Kila walipopita waliandika upande wa dira, mwendo wa chombo, na dakika zilizopita tangu rasi hii mpaka rasi ile. Kwa daftari hiyo mtu aliweza kuongoza merikebu gizani kwa dira na saa, asione nchi. Tuangalie vema jambo hili. Elimu iliyofungua njia haikutoka mbali. Ilikuwa elimu ya mabaharia wenyewe, ila wao hawakuiacha katika kichwa cha mtu mmoja, waliiandika.

Tarehe 2 Julai 1893 merikebu Vesteraalen ikatoka Trondheim. Ikapita bandari tisa, na tarehe 5 Julai ikafika Hammerfest, baada ya saa 67. Mwendo wa mwezi mzima katika siku za Ottar ulikuwa sasa wa siku chache, na barua zilizokuwa zikichukua miezi zikafika kwa juma moja. Makampuni mengine yalipoona haya yakaomba kuingia katika kazi hiyo. Mwaka 1898 safari zikaanza kutoka Bergen, na baadaye zikafika mpaka Kirkenes.

HADITHI ILIYO RAMANI

Baada ya kujua hayo, na tuifuate meli katika safari yake. Ikitoka Bergen huelekea kaskazini ndani ya ule ua wa miamba, ila mahali pachache ua huo hukatika, kama pale kwenye rasi ya Stad, na hapo abiria huonja bahari kuu kwa matumbo yao. Yafika Trondheim, palipo na kanisa kuu la Nidaros, lililojengwa juu ya kaburi la mfalme Olav, aliyeuawa vitani mwaka 1030. Toka hapo yaingia katika nchi za hadithi.

Wazee wa sehemu zile husimulia kwamba hapo kale milima ilikuwa majitu. Usiku mmoja jitu kijana, mpanda farasi aitwaye Hestmannen, aliwaona wasichana wakioga, akawapandia mbio. Dada saba wakachoka njiani wakajitupa chini. Lakini msichana wa Leka akazidi kukimbia kuelekea kusini. Yule mpanda farasi, alipoona kwamba hatampata, akavuta upinde amwue. Mfalme wa Sømna aliyekuwa akitazama akatupa kofia yake katikati, mshale ukaitoboa, msichana akapona. Mara jua likachomoza, na wote wakageuka mawe mahali waliposimama.

Abiria wa leo huwaona wote. Kwanza kisiwa cha Leka. Kisha Torghatten, mlima wenye tundu lipitalo upande mmoja hata wa pili, ndiyo ile kofia iliyotobolewa. Kisha vilele vya Dada Saba juu ya kisiwa cha Alsten. Na mwisho kisiwa cha Hestmannen, karibu na mstari wa Aktiki. Wataalamu wa mawe wasema tundu lile lilichimbwa na barafu na mawimbi, hapo bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Lakini sisi tutazame mpango wa hadithi. Mahali hapa pote pamepangwa katika hadithi kama palivyopangwa baharini, tangu kusini mpaka kaskazini, pasipo kuruka hata pamoja. Kijana aliyeisikia hadithi hii kwa bibi yake amekwisha kupata ramani ya bahari kabla hajashika usukani. Hapana baharia awezaye kusahau ya kuwa kofia hutangulia dada saba, na dada saba hutangulia mpanda farasi. Yeye asemaye kwamba hadithi za wazee ni upuzi wa kuwatuliza watoto, na aipime kauli yake kwa mfano huu.

Chini ya vilele vya Dada Saba iko Alstahaug, ambapo Petter Dass alikuwa kasisi mpaka alipokufa mwaka 1707. Yeye aliandika utenzi mrefu uitwao Nordlands Trompet, unaoeleza nchi yake, samaki wake, hali ya hewa yake, na kazi za watu wake. Nao ulipigwa chapa mwaka 1739. Tena alitunga nyimbo za katekisimu ambazo watu waliziimba kwa vizazi vingi. Kasisi huyu hakuona haya kujua majina ya samaki na namna za mashua. Yasimuliwa kwamba alipokufa, manahodha wa Nordland walishona kipande cha nguo nyeusi katika matanga yao, na desturi hiyo ya maombolezo ikadumu muda mrefu sana. Twaweza kusema kwamba watu walimlilia kwa lugha aliyowaheshimu nayo.

Meli ivukapo mstari wa Aktiki, penye kisiwa kidogo cha Vikingen chenye mfano wa dunia, hufanywa mchezo: mtu aliyevaa kama mfalme wa bahari humwagia abiria maji ya barafu shingoni. Wenyewe huuita dåp, yaani ubatizo, wa mstari wa Aktiki. Ni mzaha wa mabaharia wa mataifa mengi, nao hauna dini ndani yake. Lakini waonyesha namna watu wapendavyo kuweka alama pale wavukapo kitu kisichoonekana kwa macho. Upande wa pili wa mstari huo, wakati wa joto, jua huzunguka mbinguni lisitue. Katika rasi iitwayo Nordkapp hukaa hivyo tangu katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai.

MOSHI ULIO ADUI NA MOSHI ULIO RAFIKI

Baada ya Bodø meli huvuka bahari pana kwenda visiwa vya Lofoten, ambavyo kwa mbali huonekana kama ukuta mmoja wa majabali. Tangu Januari mpaka Aprili samaki aitwaye torsk huja hapa kwa makundi makubwa kutoka bahari ya mbali ya kaskazini kuzaa. Akiwa katika safari hiyo huitwa skrei, jina litokalo katika kitenzi cha kale chenye maana ya kwenda: ni samaki "mwenye kusafiri." Huanikwa wawili wawili juu ya chanja za miti, bila chumvi, na upepo wa baridi huwakausha kwa miezi mpaka wawe wakavu kama ukuni. Ng'onda hawa husafirishwa nchi za mbali, hasa Italia. Nao hufika mpaka Nigeria, ambako Waigbo huwaita okporoko na kuwapika katika mchuzi. Hivyo chungu cha Afrika na mashua ya Lofoten vimefungwa kwa kamba moja.

Katika visiwa hivi imo hori nyembamba iitwayo Trollfjord, ambayo mdomo wake ni kama mita 100 tu, na kuta zake za mawe zapanda juu sana. Wakati wa joto manahodha huingiza meli humo, na wageni husimama sitahani wakinyamaza kwa kustaajabu. Lakini wenyeji hukumbuka jambo jingine. Mwezi wa Machi 1890 wenye merikebu za moshi waliufunga mdomo wa hori hiyo kwa nyavu, samaki wote waliomo wawe wao peke yao. Wavuvi wa makasia na matanga wakaja kwa mamia ya mashua kuvunja kizuizi. Merikebu ziliwarushia mvuke na maji ya moto, wao wakapigana kwa makasia na kulabu, hata wakaingia. Baadaye uvuvi wa juya la namna ile ulikatazwa katika Lofoten.

Basi tuhesabu miaka. Vita vya Trollfjord vilikuwa mwaka 1890. Merikebu ya nahodha With ilianza mwaka 1893. Watu wale wale waliopigana na moshi kwa makasia, baada ya miaka mitatu waliupokea moshi. Je, walikuwa na akili mbili? La. Moshi wa kwanza ulifunga mlango kwa faida ya wachache. Moshi wa pili ulifungua mlango kwa wote. Twasikia mara nyingi ya kwamba watu wa vijijini hukataa kila kitu kipya kwa sababu ya ujinga. Habari hii yatufundisha kuuliza kwanza: kitu hicho kipya kimewafungia mlango, au kimewafungulia?

KANISA LILILOBAKI

Njia ya maji ilijaribiwa zaidi wakati wa vita vya mwaka 1940 mpaka 1945. Wajerumani walikuwa wameitwaa nchi, lakini watu wa pwani hawakuwa na barabara nyingine, kwa hiyo meli ziliendelea kupita katikati ya mabomu na sabmarini. Nyingi zikazama. Meli iliyopewa jina la Richard With mwenyewe ilizamishwa na sabmarini ya Waingereza tarehe 13 Septemba 1941, na watu wengi wakafa. Baada ya hayo meli kubwa zilikomea Tromsø, na kutoka hapo watu na mizigo walichukuliwa kwa vyombo vidogo vya wavuvi.

Mwishoni mwa mwaka 1944 majeshi ya Wajerumani, yakirudi nyuma mbele ya Warusi, yaliteketeza kwa moto miji na vijiji vya Finnmark. Katika Hammerfest lilibaki kanisa dogo la makaburini tu. Katika Honningsvåg lilibaki kanisa. Watu wa Honningsvåg waliporudi mwaka 1945 walifanya makao ndani ya kanisa hilo, mpaka walipojenga vibanda. Apitaye leo kwa meli huona miji ya nyumba mpya za rangi nzuri, naye hushangaa mbona hapana nyumba ya kale. Jibu ni hilo. Kanisa moja jeupe kati ya nyumba mpya ni ukurasa wa historia kwa ajuaye kusoma.

CHOMBO NI CHA NANI?

Twarudi kwenye swali letu. Siku hizi barua huenda kwa ndege na kwa magari, na barabara zimepita chini ya bahari kwa mapango yaliyochimbwa. Wenyeji wengi hawaihitaji meli kama baba zao walivyoihitaji. Wageni nao wameongezeka, na meli zimekuwa kama hoteli. Katika lugha ya kazi abiria hugawanywa mafungu mawili: wa rundreise, wafanyao safari ya mzunguko mzima, na wa distanse, wanaotoka bandari moja kwenda nyingine kwa haja zao, pengine kwa usiku mmoja, bila chumba. Fungu la kwanza huleta fedha nyingi. Fungu la pili ndilo meli iliyoanzishwa kwa ajili yake.

Wako wasemao kwamba fedha za wageni ndizo zinazoifanya meli ipite hata leo, na kwamba bila wao bandari ndogo zingesahauliwa. Wako wajibuo kwamba chombo kikiisha kutengenezwa kwa mapenzi ya mgeni, mwenyeji hujiona mgeni ndani yake. Kila upande una haki yake. Serikali ya Norwe hulipa sehemu ya gharama, ili meli zisimame katika bandari zote 34, za faida na zisizo na faida. Tangu mwaka 2021 kazi imegawanywa kwa makampuni mawili, la kwanza lenye meli saba na la pili meli nne, na kwa kuwa Hurtigruten limekuwa jina la kampuni moja, jina la serikali la njia yenyewe sasa ni Kystruten, "ile njia ya pwani." Tazama basi: katika jina jipya neno "haraka" limetoka, na neno "pwani" limeingia. Haraka sasa ni kazi ya ndege. Kilichobaki kwa meli ni kuwa mali ya pwani.

Kwa maoni yetu kipimo cha haki ni kimoja. Bandari zile ambazo meli huzipita mchana katika safari ya kwenda, nyingi huzipita usiku katika safari ya kurudi. Katika saa za usiku wa manane, theluji ikianguka, meli hukaribia gati ndogo. Wageni wote wamelala. Amesimama hapo mama mmoja na mfuko wake, anakwenda bandari ya pili kumtazama binti yake. Meli ikisimama kwa ajili yake, ingali ni ile iliyoahidiwa mwaka 1893. Siku itakapompita, itakuwa chombo kingine, hata ikiwa na jina lile lile.

Nasi tufanyeje? Pwani yetu nayo ina rasi, milango, miamba na vilindi vyenye majina, na wako wazee waliopita humo kwa matanga, wajuao alama za nchi kavu na masimulizi ya kila alama. Yafaa mwalimu awapeleke wanafunzi kwa nahodha mzee, wamwombe awatajie majina kwa taratibu, kutoka bandari hii mpaka ile, na hadithi ya kila mahali, wayaandike katika daftari kama alivyoandika yeye alivyosema. Wasimkatize wakitafuta yaliyo mazuri tu. Maana, kama tulivyoona, hadithi iliyodhaniwa ni ya kuwachekesha watoto yaweza kuwa ndiyo ramani. With na Holte waliandika dakika na pande za dira zikiwa bado katika kumbukumbu zao, na kwa daftari hiyo barua ya miezi mitano ikafika kwa juma moja. Mzee akizikwa na majina yake, hapana meli iwezayo kuyaleta tena.